Siku Niliyosema Mimi Ndiye Mama

Dada yangu aliitwa kazini asubuhi ya siku ile ile aliyokuwa amemwahidi binti yake kumpeleka kwenye bustani kubwa ya michezo, kaskazini mwa jiji. Simu ililia tukiwa tunakunywa chai. Alisikiliza, akasema "okay, okay" mara nne, akaweka kikombe mezani, na kabla hajageuka nikajua kwamba zigo ni langu.

"Utampeleka wewe," alisema.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine humu ndani?"

Humu ndani mlikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule, ghorofa ya kumi na saba, St. James Town. Tulikuwa watatu. Dada alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mume wake alishajiondokea zamani. Binti yake alikuwa na miaka tisa, mzaliwa wa Toronto. Na mimi, mdogo wake dada, nilikuwa nimeingia nchini miezi mitatu kabla nikitokea Morogoro, nikisubiri chuo kifunguliwe mwezi wa tisa. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, kabla ya simu za kukuonyesha njia. Mimi hata simu ya kawaida sikuwa nayo.

Niseme mapema kwamba sikuwa naogopa kusafiri. Nilikuwa naogopa kumpoteza mtoto wa mtu. Kwenye lifti za jengo lile kulikuwa na hadithi zisizokwisha za mama fulani aliyeshuka kufua nguo akamwacha mtoto peke yake, aliporudi akawakuta watu wa serikali wamekaa kwenye kochi lake wakiandika. Mama mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Kila mtu alikuwa anamjua mtu anayemjua. Dada alikuwa akizicheka hadithi hizo, kisha akitoka ananiambia nifunge mlango mara mbili.

Aliniandikia maelekezo nyuma ya bahasha. Panda treni Sherbourne kwenda magharibi, kituo kimoja tu, shuka. Badilisha, panda ya kaskazini, shuka York Mills. Hapo hapo kituoni panda basi la bustanini. Rahisi, alisema. Rahisi kwake. Mimi nimekulia mahali ambapo njia huelekezwa kwa vitu vinavyoonekana: pita kanisa, ukiona mashine ya kusaga, kata kulia. Kaskazini lilikuwa neno la somo la jiografia, na huko chini ya ardhi hakuna hata mlima wa kukuambia uko upande gani.

"Basi la kurudi ni la saa kumi na nusu," dada alisema akivaa viatu. "Usije ukalimiss. Linalofuata ni la jioni sana, na mimi nataka niwakute nyumbani. Umenisikia? Niwakute."

Nilimsikia. Neno hilo moja nililibeba siku nzima.

Tulitoka na begi, chupa mbili za maji na masweta mawili. Ilikuwa Agosti, watu wote wamevaa kaptula, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa Canada ni baridi na sikuwa nimeanza kuwaamini wanaosema vinginevyo. Binti alitazama masweta, akatazama dari. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Kiswahili alikielewa chote, hata kile nilichokuwa nanong'ona nikiwa na hasira, lakini majibu yake yalitoka kwa Kiingereza, kama redio iliyohama stesheni. Jambo moja tu lilibaki la kwetu: aliniita Mamdogo. Hakuwa na namna nyingine ya kuniita.

Kituo cha kubadilisha kilikuwa na ngazi za kwenda kila upande. Nikamshika mkono, nikateremka naye kwa kujiamini kabisa.

"Mamdogo, that's south," alisema.

"Najua," nikajibu, nikageuka kana kwamba nilikuwa nimeteremka kuangalia mandhari. Sikujua. Kuanzia hapo nilikuwa namwacha atangulie nusu hatua, nikijifanya namsukuma mimi.

Ndani ya treni nilihesabu vituo kwa vidole. Ile karatasi ya kubadilishia usafiri, tuliyoipata kwenye mashine pale mwanzo, niliikamata hadi wino ukahamia kiganjani. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kizungu mwenye kitoroli cha kuwekea vitu vya dukani. Alitutazama kwa muda, kisha akaniambia kwamba binti yangu amerithi paji langu la uso. Nikasema asante. Binti alikuwa anaangalia dirishani, ingawa nje kulikuwa na giza la handaki tu.

Basi la bustanini lilijaa watoto wakubwa waliovaa pete puani. Lilipanda barabara kuu, likakimbia kuliko nilivyopenda, na baada ya muda nikaona kwa mbali milima ya chuma, imepindapinda, na vitu vidogo vikiporomoka juu yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba vile vitu vidogo vilikuwa watu. Nikamwuliza dereva basi la kurudi linasimama wapi. Akasema hapa hapa. Tuliposhuka nikamwuliza tena. Nikageuka mlangoni nikamwuliza mara ya tatu, na yeye akanyoosha kidole chini, kwenye lami niliyokuwa nimeikanyaga, akasema taratibu, "Here."

Kituo kilikuwa mwisho wa uwanja wa magari, uwanja mkubwa kuliko shamba lolote la baba yangu. Nilihesabu nguzo za taa kutoka pale hadi getini: kumi na mbili. Binti alikuwa ameshafika nguzo ya saba akinisubiri.

Sitaki kusema siku ilikuwa mbaya. Mtoto alicheka hadi akakwama. Alizunguka kwenye vikombe vikubwa vya kukalia, akalowa kwenye mtumbwi wa maji, akala kitu cha unga na sukari kilichomwacha na masharubu meupe. Lakini mimi nilikuwa na saa mkononi na neno "niwakute" kichwani. Kila chombo alichopanda nilikipigia hesabu: foleni kiasi gani, mzunguko kiasi gani, tumebakiza nini hadi saa kumi na nusu. Nadhani nilitazama saa zaidi ya nilivyomtazama yeye.

Saa nane na nusu mchana tukafika kwenye treni ya angani ya kwenye mlima mmoja wa chuma, ile aliyokuwa akiisubiri tangu mwaka uliopita, aliponyimwa kwa kuwa mfupi. Mlangoni kulikuwa na ubao wa kupimia. Akasimama, akanyoosha shingo, na mfanyakazi akapitisha mkono juu ya kichwa chake akasema anafaa. Uso wake ulivyong'aa sikuwa na namna ya kukataa. Mimi kupanda ilikuwa haiwezekani. Nilikuwa nimeona watu wakishuka kwenye treni nyingine ya aina hiyo wakiwa wameshikana kama wagonjwa.

"Nenda," nilimwambia. "Nitakusubiri hapa hapa. Sisogei hata hatua moja."

Na kweli sikusogea, ndiyo iliyokuwa shida.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri: nusu saa ya foleni, dakika mbili za kupiga kelele, saa tisa na kidogo yuko mikononi mwangu. Saa tisa ikafika. Saa tisa na robo. Nikasimama pale pale, sweta mkono wa kushoto, sweta mkono wa kulia, macho mlangoni. Watu waliingia. Familia moja yenye fulana za rangi moja iliyokuwa mbele yake kwenye foleni haikutoka. Hakutoka yeyote. Saa tisa na dakika ishirini na tano ndipo nilipogundua kwamba mlango ule ulikuwa wa kumeza tu, na wa kutapika ulikuwa upande mwingine kabisa, nyuma ya duka la picha.

Nilikimbia. Nyuma ya duka la picha kulikuwa na watu wengi na yeye hayumo. Nikamwita jina lake, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa ile sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Watu waligeuka. Nikarudi mlango wa kuingilia, kwa hofu kwamba sasa ameenda kunitafuta huko, nikakuta hayupo, nikarudi tena duka la picha. Kichwani nilikuwa natunga sentensi ya kumwambia dada. Ilikuwa inaanza "Dada, mtoto" na hapo inakatika. Nilijaribu mara kadhaa. Haikuendelea.

Kumbe yeye alikuwa ametulia kuliko mimi. Alikuwa ametoka, akasubiri palipokuwa na kivuli, na aliponikosa akafanya walichofundishwa shuleni: akamtafuta mtu mwenye kitambulisho shingoni. Mfanyakazi mmoja mwenye redio ya mkononi aliponiona nahangaika, akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamweleza gauni la njano, nywele za mabutu manne. Akaongea na redio yake, akasikiliza, akatabasamu. Yuko ofisini, karibu na geti kubwa. Nifuatane naye.

Nikamfuata mbio. Niliona saa: kumi kasoro dakika tano. Nikajiambia bado basi tunaliwahi, dada hatajua kitu, na hii itakuwa siri yangu na mtoto hadi siku ya harusi yake.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kioo, na ng'ambo ya kioo chumba kingine chenye viti vifupi. Nilimwona. Alikuwa amekaa na kikombe cha juisi, miguu ameikunja. Nikataka kupita moja kwa moja, lakini mezani alikuwapo mama wa umri wangu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, akaniomba kwa upole nikae kwanza. Mbele yake kulikuwa na fomu.

"Na wewe ni nani kwake?" aliuliza, kalamu ikiwa imeshagusa karatasi.

"Mimi ni mama yake," nikasema.

Sikuona kama nimesema uongo. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na mimi ni mama yake mdogo. Mdogo ni maelezo ya ziada tu, mama ndiyo kazi. Nikikutana na mtu sokoni Morogoro akaniuliza huyu nani, nasema mwanangu, na habari imekwisha. Na lile neno lao jingine, *aunt*, kamusi zetu zinasema ni shangazi. Shangazi ni dada wa baba. Baba mwenyewe alikuwa ameondoka na dada zake sikuwahi hata kuwaona. Mimi si shangazi wa mtu yeyote aliyekuwa kwenye chumba kile.

Yule mama akaandika. Akaniuliza jina langu la ukoo, nikamtajia. Akatazama fomu, maana mtoto alikuwa ameshamtajia la kwake, na hayakufanana. Akaniuliza mtoto alizaliwa lini. Hapo nikafurahi, kwa sababu nilikuwa naikumbuka siku ile vizuri: simu ilivyolia kwa jirani, mama yetu alivyopiga vigelegele, majirani walivyokuja na sukari. Nikataja tarehe. Akatazama fomu tena. Nilikuwa nimekosea kwa siku moja. Habari ilitufikia Morogoro asubuhi, na huku ilikuwa bado jana yake, jioni. Miaka tisa tumekuwa tukiisherehekea tarehe ya kwetu na hakuna aliyeona tatizo.

"Una kitambulisho?" aliuliza.

Pasipoti ilikuwa ndani ya godoro. Dada alinikataza kutembea nayo isije ikapotea.

Akainuka, akaingia chumba cha pili, akachuchumaa mbele ya binti. Sikusikia swali, niliona midomo tu. Akaninyooshea kidole kupitia kioo. Binti akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatikisa kichwa, na neno lake nililisoma bila shida maana ni fupi.

"No."

Yule mama aliporudi alikuwa mpole zaidi ya mwanzo. Miezi mitatu ilikuwa imenifundisha kwamba kule mtu akizidi kuwa mpole ndipo uanze kuogopa. Mwanamume mmoja mwenye sare ya ulinzi akaja akasimama karibu na mlango, hakunitazama, akawa kama anasoma tangazo la ukutani.

"Anasema wewe si mama yake," alisema.

"Mimi ni mama yake mdogo," nikasema, na kwa Kiingereza nilichobakiwa nacho nikatafsiri neno kwa neno. Mama yake, lakini mdogo.

"Na yeye alisema hivyo hivyo alipoletwa hapa," alisema, akitafuta kwenye fomu kisanduku cha kuliweka jambo hilo. Hakikuwapo. Akafikiri, uso ukamfunguka, akaniuliza kama nimeolewa na baba yake.

"Niolewe na yule!" nilipiga kelele, kwa Kiswahili. Mlinzi akaacha kusoma tangazo. Binti, ng'ambo ya kioo, akaweka kikombe chini.

Hapo niliona jinsi ninavyoonekana. Mwanamke asiye na kitambulisho, amesema ni mama na si mama, hajui tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, amebeba masweta mawili wakati wa joto, na sasa anafoka kwa lugha isiyojulikana. Kama ningekuwa mimi upande wa pili wa meza ningejikamata mwenyewe. Hadithi zote za kwenye lifti zikanijia, na mama fulani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akawa na sura ya dada yangu.

Nikaomba wampigie simu dada. Namba ya kazini kwake nilikuwa nimeiandika kwenye bahasha ya maelekezo, na bahasha niliitafuta kwenye begi, kwenye masweta, sikuiona. Namba hiyo mtoto alikuwa nayo kichwani. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha pili akaitaja tarakimu moja moja, yule mama akipiga.

Ikaita. Wakapokea. Wakasema wafanyakazi simu zao ziko kwenye makabati, ataenda kutafutwa, yuko ghorofa ya juu anaogesha mtu. Tukasubiri. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi na nane. Halafu ishirini na sita. Halafu nusu. Basi liliondoka huko mwisho wa nguzo kumi na mbili na mimi nikiwa nimekaa nikitazama kioo. Sasa hata nikipewa mtoto, dada hatatukuta nyumbani. Lakini basi halikuwa tena shida yangu kubwa. Nilitaka tu kupewa mtoto.

Hatimaye dada akaja kwenye simu. Yule mama akamwuliza maswali, akaandika, akaitikia, akanipa mkonga wa simu.

"Umewaambia wewe ni mama yake?" Sauti ya dada ilikuwa ndogo, ya mtu anayeongea mbele ya bosi.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sasa mimi ni nani?"

"Sema aunt."

"Mimi si shangazi yake."

"Mdogo wangu," alisema, na nikasikia anavyovuta pumzi, "hapa hawana neno jingine. Sema aunt, mrudi nyumbani. Tafadhali."

Dada yangu hanisihi. Toka utotoni yeye ni wa kuamuru. Nilirudisha simu, nikamtazama yule mama, nikasema, "I am the aunt." Akakata mstari mmoja kwenye fomu yake, akaandika juu yake. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu makini na sina neno baya la kumsema, akamwita binti aje mezani, akamwuliza mara ya mwisho.

"Is she your aunt?"

Binti alinitazama. Kwake *auntie* walikuwa wanawake wote wa kanisani wenye kofia na pipi mkobani. Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Nilimwona anapima. Mlinzi alikuwa anamtazama, yule mama anamtazama, na mimi nilikuwa namwomba kwa macho, kwa aibu yote, mtoto wa miaka tisa, kwamba aseme ndiyo.

"Yes," alisema, akitazama viatu vyake.

Nikasaini. Tukatoka.

Hatukushikana mikono. Tulivuka uwanja wa magari hadi barabara kubwa, kutafuta basi la kawaida ambalo yule mama alituelekeza, lile la kupitia chuo kikuu. Nikasimama kwenye nguzo ya kituo. Binti akaendelea kutembea, akabonyeza kitufe cha taa, akavuka, akasimama upande wa pili akinisubiri. Kwetu magari hupita kushoto. Mimi mwili wangu ulikuwa umesimama upande wa Tanzania, tayari kupanda basi la kwenda mbali zaidi na nyumbani. Nilivuka nikamfuata. Hakunicheka.

Basi lilikuwa karibu tupu. Likasimama kila kona. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya kitoto, na kwenye kituo kama cha tano nikashindwa kuizuia.

"Kwa nini ulisema No?"

Alinijibu kwa Kiingereza, polepole, kama anayeogopa kukosea, na sitasahau alichosema. Alisema yule mama alikuwa na kalamu. Alisema shuleni, siku za wazazi, mama yake akiwa kazini, mwalimu huandika kwamba mzazi hakufika. Kama angesema mimi ndiye mama, wangeniandika mimi.

"Then where would they put Mom?" aliuliza.

Nilimwuliza kama anasikia baridi, akasema hapana, nikampa sweta, akalichukua, akaliweka mapajani. Tulibadilisha basi chuoni, tukapanda treni, na safari hii sikuhesabu vituo. Alihesabu yeye.

Dada alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama chini, nje ya mlango wa jengo, na sare ya kazini, amekimbia zamu kabla ya muda. Binti alipomwona alikimbia, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu hadi dada akayumba. Walikaa hivyo. Mimi nilibaki nyuma na begi. Dada alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, akaniuliza kama nimekula, na hapo ndipo nilipolia.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi tangu siku hiyo, baada ya ibada, kwenye sherehe, chakula kikiwa kinapakuliwa. Watu hucheka wakafuta machozi nikifika pale penye "niolewe na yule". Husema, jamani, lugha hizi. Nami husema, kweli jamani, lugha. Lakini Morogoro nilikuwa mwalimu, na kwa miaka tisa nilifundisha Kiingereza darasa la nne. Tulikuwa na picha ya familia ukutani. Mdogo wa mama alikuwa pembeni, kwenye kigoda, na jina lake kwa Kiingereza nililionyesha kwa fimbo mimi mwenyewe, darasa zima likiitikia.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, sikuwa nimezaa, na mtu asiyenijua aliniuliza mimi ni nani kwa mtoto huyu. Nilitaka kujisikia nikisema mimi ni mama yake, mara moja tu, mbele ya mtu atakayeniamini.

Dada hucheka pamoja na wengine. Hajawahi kuniuliza lolote, na anajua vizuri nilikuwa nafundisha somo gani.